Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Fikra juu ya Utu wa Mgonjwa katika Arua na Koboko

Lugha yetu ina neno moja, mwenyeji, lenye kubeba maana mbili. Maana ya kwanza ni mzaliwa wa mahali, mtu wa asili ya nchi. Maana ya pili ni yule ampokeaye mgeni, akamkalisha, akampa maji na kumwuliza habari za atokako. Maana hizi mbili zimekaa katika neno moja kwa sababu njema: mtu wa asili ya mahali ndiye mwenye haki, na tena mwenye wajibu, wa kumkaribisha mwingine. Wahenga wakalitia neno hilo katika methali tuifundishayo kila mwaka: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanafunzi wetu huieleza upesi kwamba mgeni ajapo, watu wa nyumbani nao hula vizuri. Maelezo hayo si ya kukosolewa. Walakini kitenzi kupona ni kitenzi cha maradhi, nasi katika makala haya twataka kukirudisha kwenye maradhi.

Swali letu ni la maadili. Hospitali ni mgeni aliyekuja katika nchi ya West Nile. Je, mgeni huyu humponya mwenyeji kwa masharti gani? Na je, ni haki mwenyeji, kabla ya kupewa dawa, atakiwe kwanza kuacha kuwa mwenyeji, awe mgeni katika nchi yake mwenyewe?

Jambo lenyewe na jina lake

Jambo hili limepewa jina mbali na kwetu. Katika nchi ya Nyuzilandi wenyeji wa asili ni Wamaori. Mwishoni mwa miaka ya 1980 muuguzi mmoja Mmaori, Irihapeti Ramsden, pamoja na wenziwe, walianza kudai kwamba muuguzi afundishwapo usalama wa sindano na usalama wa dawa, afundishwe pia usalama wa utamaduni wa mgonjwa. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likaliingiza fundisho hilo katika mafunzo ya uuguzi. Ramsden alifariki mwaka 2003, lakini fikra yake imeenea Australia, Kanada na kwingineko.

Kiini cha fikra hiyo chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwenye kuamua kama huduma ilikuwa salama si yule aliyeitoa bali ni yule aliyeipokea. Muuguzi hatakiwi kukariri mila za kila kabila kama mwanafunzi akaririvyo majedwali ya hesabu. Atakiwa ajitazame yeye mwenyewe: nguvu aliyo nayo, mazoea aliyoletewa na malezi yake, na namna nguvu hiyo imwangukiavyo mtu aliyelala kitandani. Mtu aweza kupewa dawa iliyo sahihi, kwa kipimo sahihi, akaondoka amevunjika, asirudi tena. Mtu huyo hakutibiwa kwa usalama.

Gharama ya kupuuza jambo hili si aibu tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2020, katika mji wa Joliette, jimbo la Quebec nchini Kanada, mama wa watoto saba aitwaye Joyce Echaquan, mtu wa taifa la asili la Atikamekw, alirusha kwa simu yake matusi aliyokuwa akitolewa na wahudumu huku yeye akilalama kwa maumivu. Alifariki siku hiyohiyo. Uchunguzi wa kisheria juu ya kifo chake, uliotolewa mwaka 2021, ulisema kwamba ubaguzi ulichangia kifo hicho. Dharau ilimfanya asisikilizwe, na kwa kutosikilizwa akafa.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wazungu na watu waliowanyang'anya ardhi, sisi Uganda madaktari wetu ni Waafrika wenzetu. Jibu letu ni kwamba umbali baina ya mgonjwa na mganga haupimwi kwa rangi ya ngozi peke yake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Nyongeza yake ya Tatu, imeyaorodhesha makabila ya asili ya nchi, na humo wamo Walugbara, Wakakwa na Wanubi. Katika hospitali ya Arua muuguzi aweza kuwa ametoka Ankole au Buganda, asijue hata neno la kusalimu kwa Kilugbara. Zaidi ya hapo, hata mzaliwa wa Maracha mwenyewe, akiisha kusoma kwa Kiingereza miaka kumi na mitano na kuvaa sare nyeupe, aweza kumtazama shangazi yake mwenyewe kana kwamba ni mtu wa sayari nyingine. Ugeni huja na cheo pia.

Namna mgeni alivyokuja

Yafaa tukumbuke mgeni huyu alivyobisha hodi. Nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki ikatiwa chini ya Sudani mwaka 1910, kisha mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda, na Arua ikafanywa makao ya serikali. Watu waliopitishwa mikononi mwa wageni watatu kwa muda mfupi namna hii walikuwa tayari wamepatwa na magonjwa ya watu na sotoka ya ng'ombe tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Ndipo yalipoenea maji ya Yakan, aliyoyaleta Rembe, mtu wa Kakwa. Watu waliyanywa wapate kinga: kwanza dhidi ya maradhi, baadaye dhidi ya risasi pia. Mwaka 1919 kukatokea mapigano, na serikali ya kikoloni ikaizima harakati hiyo kwa nguvu.

Mara nyingi Yakan huelezwa kama habari ya uasi, nao kweli ulikuwamo. Lakini ikitazamwa kwa jicho la makala haya, ilikuwa pia ni watu waliotafuta tiba wakati ambapo hakuna aliyewauliza wanaumwa nini. Serikali iliyoyapiga marufuku maji yao ndiyo iliyokuja na kampeni za kupambana na malale. Katika kampeni hizo watu walipangwa mistari, wakapapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na huko kando ya mito yenye mbung'o watu wakahamishwa. Kwa upande wa sayansi, kazi hiyo ilikuwa na sababu. Kwa upande wa mtu aliyepangwa mstarini, mkono wa tiba na mkono wa kodi ulikuwa mkono mmoja.

Haki hutaka tuseme pia mema. Katika miaka ya 1940 madaktari wa misheni, ndugu wawili wa ukoo wa Williams, walijenga hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua. Mmoja wao, Ted Williams, aliandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wake na mahali kila mmoja alikotoka. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alipokuwa akiufuatilia uvimbe wa taya za watoto aliouandikia mwaka 1958, Williams alifuatana naye mwaka 1961 katika safari ndefu ya gari kuutafuta ugonjwa huo Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kuandika jina la kijiji cha mgonjwa ni jambo dogo. Lakini ni kumkiri kwamba ana kwao.

Kuanzia mwaka 1972 watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wakawafuatilia waone ni nani atakayepata uvimbe ule. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 1978, yaliutia nguvu ushahidi kwamba virusi vya Epstein-Barr vina sehemu katika saratani hiyo. Elimu hiyo sasa ni ya ulimwengu mzima, na watoto wa Arua ndio walioilipia kwa damu yao. Hatuyasemi haya kwa kulaumu. Twayasema kwa sababu yatuonyesha deni ambalo kila utafiti hubeba: aliyetoa damu anastahili kurudishiwa habari, tena katika lugha aielewayo, kwamba damu yake imefundisha nini. Mgeni mwema hali akaondoka bila kuaga.

Lugha na amri

Hapa twafika mahali ambapo sisi walimu wa lugha hatuwezi kujificha. Kilugbara ni cha jamii ya lugha za Sudani ya Kati. Kikakwa cha Koboko ni cha Kiniloti, ndugu wa Kibari. Kinubi kilizaliwa katika Kiarabu cha askari. Lugha nyingi za kusini mwa Uganda ni za Kibantu kama Kiswahili chetu. Hivyo muuguzi kutoka Mbarara na mama kutoka Terego wako mbalimbali kwa lugha kama Mswahili na Mwarabu. Katika pengo hilo huitwa yeyote aliye karibu: mfagiaji, mlinzi wa lango, au mtoto wa mgonjwa mwenyewe. Na tumfikirie mama atakiwaye kueleza maradhi ya sehemu za siri kwa kinywa cha mwanawe wa kiume mwenye miaka kumi na miwili. Atasema tumbo linauma. Daktari ataandika tumbo. Dawa ya tumbo itatolewa. Hakuna aliyesema uongo kwa nia mbaya, ila ukweli haukupata njia ya kupita.

Baadhi yetu hudhani dawa ya jambo hili ni Kiswahili. Kiswahili kimetajwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika Koboko, mji ulio jirani ya mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, Kiswahili ni lugha ya soko pamoja na Kinubi na Lingala. Twafurahi kwa hayo. Lakini tusijidanganye. Katika masikio ya wazee wengi wa Uganda, Kiswahili ni sauti ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Wanaume wengi wa West Nile walikipata jeshini tangu enzi za jeshi la mkoloni, la King's African Rifles; na vita vya mwaka 1979, pamoja na yale yaliyowapata watu wa West Nile katika miaka iliyofuata, vilikiongezea ukali. Mtu aliyeamrishwa alale chini kwa Kiswahili katika mwaka 1980, akiambiwa "Lala!" kwa sauti ileile katika chumba cha uchunguzi, atakumbuka nini?

Sarufi yetu ina jibu. Kati ya "Kaa!" na "Uketi, mama" pana umbali mkubwa kuliko silabi zilizoongezeka. Amri tupu humfanya mtu kitu cha kusogezwa. Hali ya kuomba yenye -e mwishoni, ikifuatana na jina la heshima, humwachia nafasi ya kukubali. "Fungua mdomo" hutosha kwa daktari mwenye haraka. "Naomba nikutazame kooni, mzee" huchukua pumzi moja zaidi. Hata pasipo shikamoo, ambayo Uganda haijazoeleka, neno pole latosha kumfahamisha mtu kwamba maumivu yake yameonekana. Kadhalika tuchunge desturi ya kumwita mtu kwa ugonjwa wake: "yule kifua kikuu wa kitanda cha nne." Ngeli ya watu haikuundwa kwa ajili ya vijidudu.

Na yako maneno tuliyorithi ambayo yafaa tuyapime upya. Mkoloni alizitaja dawa za watu kuwa za kishenzi. Tulipoona aibu tukazibadilisha jina zikawa za kienyeji. Lakini tazama neno kienyeji lilivyo na mikosi: dawa ya kienyeji hutajwa kwa kubetua mdomo, ilhali kuku wa kienyeji sokoni hushinda kwa bei kuku wa kisasa! Wala lugha yetu haikuwatenga waganga. Katika Tanzania Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari mwenye shahada, na mganga wa mizizi kijijini ni mganga vilevile. Neno lenyewe lakumbusha kwamba wote wawili wametumwa kazi moja na mtu mmoja, naye ni mgonjwa.

Kimya cha mgonjwa

Walugbara wa zamani, kama walivyoelezwa na mwanaanthropolojia John Middleton aliyekaa kwao kuanzia mwaka 1949, hawakuyatenga maradhi na mahusiano ya watu. Mtu akiugua, huulizwa ni nani aliyekosana na nani, ni mzee gani wa ukoo aliyedharauliwa hata marehemu wakakasirika. Ramli ikiisha kusema, mnyama huwekwa nadhiri. Na mgonjwa akipona ndipo huchinjwa, jamaa wakala pamoja, wazee wakambariki. Wengi leo ni Wakristo au Waislamu na wameyaacha mengi katika hayo. Hata hivyo swali lililokuwa chini ya desturi hiyo halijafa: kwa nini mimi, na kwa nini sasa? Daktari hujibu ni kiini gani kilichosababisha homa. Mgonjwa huuliza pia homa hii imeingiaje katika maisha yake. Swali la pili si ujinga. Ni swali ambalo darubini haikutengenezwa kulijibu.

Hatari huanza pale hospitali inapolicheka swali hilo. Tutoe mfano unaojulikana kaskazini mwa Uganda na kwingineko nchini. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, wapo wanaoamini kwamba fizi zake zina meno ya uongo, na watu huyang'oa machipuko ya meno kwa kifaa kisichosafishwa. Matokeo yake ni damu kupungua, vidonda kuoza, pengine kifo. Desturi hii yadhuru, nasi hatuitetei. Lakini tumwangalie mama aliyekwisha kumpeleka mtoto kwa mng'oaji, naye sasa amesimama mlangoni mwa zahanati. Alijua kwamba akisema ukweli ataitwa mwuaji mbele ya foleni nzima, atachagua moja katika mawili: kurudi nyumbani, au kuingia na kukaa kimya. Katika yote mawili mtoto ndiye atakayelipa.

Twasema wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatuikatai methali hii. Twaongeza swali moja tu. Ni nani aliyemfundisha mtu huyo kuficha? Hakuna azaliwaye na siri. Mtu huficha mahali ambapo kusema kulimwumiza. Kwa hiyo usalama wa utamaduni si upole wa ziada wala zawadi ya wakubwa kwa wadogo. Ni njia ya kuupata ukweli, na bila ukweli hakuna tiba. Daktari anayeuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, kabla ya kuja hapa mmempa mtoto dawa gani nyumbani?", akanyamaza kusubiri jibu, amefanya kazi ya utabibu, sawa na kumpima mtoto joto.

Pingamizi na mizani yake

Pingamizi lenye nguvu ni hili: tukiheshimu kila mila, je, hatutakuwa tumebariki madhara? Katika West Nile watu wameogopa sumu iitwayo enyanya na uchawi wa jirani. Na kwa hofu hiyo kina mama wazee na wajane wamesingiziwa, wakafukuzwa, wengine wakauawa. Je, na hilo tuliite utamaduni tulipe usalama?

Hapana. Na jibu hili hatukuliazima ugenini. Katiba ileile ya Uganda inayompa kila mtu haki ya kuufuata utamaduni wake inakataza pia mila zinazovunja heshima na ustawi wa wanawake. Hakuna mgongano, maana mwenye kulindwa ni mtu, si mila. Bibi anayesingiziwa uchawi ni mwenyeji sawa na wanaomsingizia, naye ndiye mnyonge zaidi. Usalama huanza kwake. Heshima haitaki daktari aamini kwamba enyanya ndiyo iliyoleta kifo. Yataka amweleze mfiwa kwa utulivu ni nini kilichotokea mwilini, kwa lugha yake, kabla uvumi haujamtafuta wa kulaumiwa. Mahali ambapo hospitali hutoa maiti bila kutoa maelezo, kijiji hujitafutia maelezo yake, na aghalabu hulipa kwa damu ya asiye na hatia.

Tena tusidhani kwamba mila zote ziko upande wa giza na sayansi yote upande wa nuru. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka Gulu, ng'ambo ya mto Nile kutoka kwetu. Watu 425 waliugua na 224 wakafariki, miongoni mwao Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekufa mwezi wa Desemba akiwahudumia wenzake. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliwauliza wazee wa Kiacholi wafanyavyo tauni ijapo. Wakamweleza kwamba likija pigo waliitalo gemo, mgonjwa hutengwa katika nyumba ya peke yake, aliyewahi kuugua akapona ndiye humhudumia, matete husimikwa kama alama ili mgeni asiingie, ngoma husimama, safari hupunguzwa, na wafu huzikwa pembeni. Mambo hayo yalikuwa karibu sana na yale wataalamu waliyotaka kuyafundisha! Upande mwingine, desturi ya kuosha maiti katika maziko ya kawaida ilieneza ugonjwa. Hivyo katika mfuko mmoja wa mila kulikuwa na kinga na kulikuwa na hatari, na hapakuwa na njia ya kuzitenga ila kuuliza.

Ushindi juu ya malale wasema vivyo hivyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina ya malale iliyoisumbua West Nile si tishio tena kwa afya ya umma wa Uganda. Miongoni mwa zana zilizotumika ni vitambaa vidogo vya buluu vilivyotiwa dawa na kusimikwa kando ya vijito vya Arua, Maracha na Koboko ili kuua mbung'o. Kitambaa cha ajabu mtoni, kisipoelezwa, ni uchawi. Kikielezwa, ni mali ya kijiji, na watoto huambiwa wasikiguse. Tofauti baina ya hali hizo mbili imo katika mazungumzo, kwa kuwa kitambaa ni kilekile.

Mwenyeji aliyewahi kuwa mgeni

Watu wa Arua na Koboko wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Baada ya mwaka 1979, na hasa tangu mwaka 1980, wengi wao walikimbilia Sudani na Zaire. Huko walisimama katika foleni za zahanati za watu wengine, wakahesabiwa, wakapimwa, wakaamriwa. Leo gurudumu limegeuka. Vita vya Sudani Kusini na machafuko ya Kongo vimewaleta wageni Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 yawapa haki ya kupata huduma pamoja na wananchi. Wakakwa wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu. Hivyo mkimbizi afikaye Koboko huenda akasema lugha ya muuguzi kuliko afisa aliyetumwa kutoka Kampala. Nani basi ni mgeni hapo, na nani ni mwenyeji?

Kadhalika Waislamu wengi wa Koboko na Aringa hutaka mwanamke apimwe na mwanamke iwezekanapo, na mwezi wa Ramadhani mgonjwa huenda akaacha kumeza vidonge vya mchana bila kusema. Swali moja, "Je, unafunga?", laweza kumwokoa, kwa kuwa dawa nyingine zaweza kupangwa daku na magharibi, na kwa nyingine daktari ataeleza kwa nini haifai, naye shekhe ataeleza kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula.

Wajibu wetu

Ndugu walimu, hatuna sindano wala darubini, lakini tuna madarasa. Wauguzi na wakunga wa kesho ni wanafunzi wetu wa leo. Twapendekeza mambo matatu. La kwanza, katika somo la mazungumzo tuache kidogo hoteli na uwanja wa ndege, tuwaweke wanafunzi wawiliwawili, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, wajizoeze kuuliza bila kuamuru na kungoja jibu. La pili, wanafunzi wakusanye majina ya maradhi na ya viungo vya mwili kwa Kilugbara, Kikakwa na Kinubi, wayaweke sambamba na ya Kiswahili, na hasa yale maneno ya staha ambayo wazee huyatumia badala ya kutaja waziwazi. Orodha kama hiyo, ikiandikwa vizuri na kupitiwa na wazee, yafaa ibandikwe katika kila zahanati. La tatu, tukifundisha Kiswahili, tusikifundishe kama lugha ya kuzifuta lugha za mama. Kiswahili kinachomnyamazisha Mlugbara kitandani kimeshika tena bunduki.

Nao wenye hospitali wana lao. Hati ya haki za wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009 yasema mgonjwa apewe maelezo na akubali kabla ya kutibiwa. Kukubali kusikofahamika si kukubali. Alama ya dole gumba katika karatasi ya Kiingereza haina uzito wa kimaadili ikiwa aliyeitia hakujua imesema nini. Mkalimani aliyefunzwa, mwenye kiapo cha kutunza siri, si anasa. Yeye ni sehemu ya tiba kama alivyo mpimaji wa damu. Sheria ya Tiba za Jadi na Tiba Saidizi ya mwaka 2019 nayo imefungua mlango wa kuwatambua na kuwasimamia waganga wa jadi. Mlango huo usiwe wa leseni na faini tu, uwe wa kukaa pamoja na kuulizana ni mgonjwa yupi apelekwe hospitali mapema.

Turudi kwenye methali. Wahenga hawakusema mgeni njoo, mwenyeji anyamaze. Waliweka sharti lisilotajwa ambalo kila mtu wa Afrika ya Mashariki alijua: mgeni hubisha hodi, husubiri karibu, na kabla ya kueleza yaliyomleta huuliza hali ya wenye nyumba. Hospitali ina dawa ambazo vijiji havina, na watu wa Arua na Koboko huzihitaji. Hilo halina ubishi. Lakini hodi haijaitikiwa kila mahali. Ikiitikiwa, na mama wa Terego akaweza kusema yote aliyoyafanya kabla ya kuja, bila kuinamisha kichwa, hapo ndipo mwenyeji atakapopona.